Kipimo cha Vidole Vyeusi

Muleba,
Alhamisi jioni.

Mama yangu mpenzi Georgina,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua tangu mvua zipungue. Mimi sijambo kabisa, ninakula, ninalala, na kikohozi kile kimekwisha. Wasalimie wote hapo Nyanga, hasa shangazi Agnetha, na umwambie sufuria yake ninayo mimi, aache kuwasingizia majirani. Najua utauliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Kuna jambo ambalo kwenye simu lingenishinda, ndiyo maana nimempa Vestina, mwenzangu wa kazi hapa, karatasi hizi, kwa kuwa kesho anakuja huko Bukoba mjini.

Kwanza furaha. Mama, nimefaulu! Jana walimu watatu walinihoji kwa kompyuta saa mbili nzima, na mwishoni Daktari Rugaibula, msimamizi wangu, yule niliyekuambia hajui kucheka, alicheka. Shahada ya uzamili ni yangu, na hakuna wa kuninyang'anya.

Unakumbuka Pasaka nilivyokuja nyumbani nimenuna, ukadhani nina mimba. Shida ilikuwa hii. Nilitakiwa kuonyesha kama watoto wanapungua uzito katika nyumba ambazo migomba imekufa kwa mnyauko na ndizi hazipatikani. Uzito niliupata kwenye kadi za kliniki. Habari za chakula nilizifuata mwenyewe, kaya mia mbili na arobaini, nikizungushwa na Vestina ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kila mlango niliuliza wiki hii wamekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, siku ngapi, na karibu kila mlango nikajibiwa siku saba. Hata bibi mmoja ambaye kibanja chake chote cha migomba kimekauka alisema saba, na mfuko wa unga wa mahindi umeegemea ukuta nyuma yake. Sisi Wahaya unatujua, nani atamwambia mgeni kwamba kwake siku hizi ni ugali? Na mimi Mhaya mzima niliandika tu saba, saba, saba.

Kompyuta haina adabu, ikanipa jibu lake. Kuna namba inayopima kama vitu viwili vinatembea pamoja: ikiwa karibu na moja vinafuatana, ikiwa karibu na sifuri havijuani. Yangu ilikuwa karibu kabisa na sifuri. Daktari Rugaibula akasema kwamba kitu usichoweza kukipima chenyewe unakitafutia mbadala, kitu kingine kinachopanda na kushuka pamoja nacho, na akanipa hadi mwisho wa Juni. Nikishindwa, nirudi nyumbani bila shahada. Kilichoniuma zaidi ni kwamba takwimu zangu zingesema watoto wale hawakosi kitu, na Vestina anawajua kwa majina.

Nikajifanya mjanja, nikaanza kupima marundo ya maganda ya ndizi nyuma ya nyumba. Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa kwa mzee Byabato, nikamwandika tajiri wa ndizi. Kumbe ana ng'ombe, na maganda anayaomba kwa majirani! Yeye mwenyewe alikuwa na mwezi hajaonja ndizi. Vestina alicheka mpaka akakaa chini, mimi nikalia kwa hasira.

Ndipo nikaja kwako. Ulikuwa unamenya ndizi jikoni, nami ninalalamika, na wewe hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Unawauliza mdomo wa nini? Mdomo una aibu. Waangalie vidole."

Mama, nilirudi Muleba na sentensi hiyo. Utomvu wa ndizi huacha vidole vyeusi na hautoki kwa sabuni, na mtu akikusalimia anakupa mkono. Kwanza nilikaa kutwa nzima katika kaya ishirini, siku kadhaa kila moja, kuona kwa macho kinachopikwa, na vidole havikudanganya. Kisha nikazunguka kaya zote upya, safari hii ninasalimia tu na kuandika weusi wa vidole vya mpishi. Ile namba ikapanda hadi sifuri nukta sita nane. Jana mwalimu mmoja alinibana, akauliza vipi kuhusu mwanamke anayemenya ndizi mgahawani huku kwake hakuna kitu. Nikamjibu kwamba nilikuta sita wa namna hiyo na niliwatoa kwenye hesabu. Hapo ndipo Rugaibula alipocheka. Na tayari wilaya imeomba nakala, wanapanga uji wa shule.

Sasa lile jambo. Kidato cha kwanza, siku ya wazazi, ulikuja na kikapu, umesugua vidole kwa limau na bado ni vyeusi. Binti mmoja aliniuliza wewe ni nani. Nikasema ni mfanyakazi wetu wa nyumbani. Nilidhani hukusikia, mpaka ulipoondoka kabla ya chakula ukisema umechoka. Miaka kumi na minne hujalitaja, nami nimekuwa mwoga. Kila mkono nilioushika Muleba ulikuwa wako. Niliona aibu, mama, na aibu hiyo ilikuwa ya kijinga. Nisamehe.

Katika ukurasa wa arobaini na moja kipimo kile nimekipa jina. Kinaitwa Kipimo cha Georgina, na chini yake nimeandika kwamba Georgina ni mama yangu mzazi. Walimu wote watatu wamelisoma.

Jumamosi nitakuwa hapo kabla ya mchana, nimebeba sufuria ya shangazi. Mungu akutunze, na goti lipone, kwa sababu mahafali ni Novemba na nimekuombea kiti cha mbele. Limau usiliguse. Asubuhi ile umenye ndizi kwanza, ndipo twende.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kokushubila