Mwiko wa Kusikilizia Mota

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mama. Najua barua hii itakukuta mashineni, pumba zimekujaa mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo nawa kwanza, kaa kwenye gunia lako lile la pembeni, ndiyo uifungue. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho ulilosema linawasha tangu wavune mpunga? Baba ameshawarudisha ng'ombe kutoka bondeni, au bado anasema kesho? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Zile karanga ulizonifungia niwagawie wenzangu chuoni ziliisha kabla treni haijafika Kaliua, na aliyezimaliza usimuulize.

Tafadhali usimpe Kulwa akusomee. Soma mwenyewe, polepole, hata ikichukua siku mbili. Humu kuna kosa langu, na nataka ulisikie kwangu, bila huyo mdogo wangu kuongeza chumvi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatisha, ungesema "yameisha hayo, umekula?" Na mimi ningekubali yaishe.

Kwanza nikueleze tunachosoma, maana nasikia watu wakikuuliza unasema "anasomea umeme", nao wanadhani nitarudi kupanda nguzo. Uhandisi wa umeme na elektroniki ni mambo mawili ndani ya moja. Kuna mota, jenereta na nyaya za kupeleka umeme mbali, halafu kuna vile vitu vidogo vya ndani ya redio na simu, vingine hata macho hayavioni. Hesabu zake, mama, kuna moja inajaza kurasa tatu na jibu lake mwishoni ni sifuri. Mwaka wa kwanza nililia. Sasa nazipenda. Siku nilipoelewa kwa nini mota inazunguka, jinsi umeme wa fezi tatu unavyokimbizana ndani ya koili na kile chuma cha katikati kikaufuata bila kuguswa na kitu chochote, nilikumbuka mashine yetu ya kukoboa pale Mwamkulu. Nimekua ndani ya kelele zake na sikujua kwamba ndani yake kuna jambo zuri namna ile.

Sasa kosa lenyewe.

Muhula huu tulipewa kazi ya vitendo, watu wanne wanne. Kundi letu lilipewa mota ya zamani inayopata moto haraka. Tutafute ugonjwa wake, tuutibu, tuandike ripoti, na ripoti hiyo ndiyo nusu ya maksi za somo. Wenzangu walipima umeme unaoingia wakakuta umezidi, wakasema ni koili. Walikuwa wameshaamua kuzing'oa na kuzisuka upya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, mota inazunguka, na nikaisikia. Mama, ilikuwa inatafuna mchele mbichi. Sauti ile ile unayosema ukiisikia tu, zima.

Sikufikiri. Nilifunga kitambaa kichwani nywele zisivutwe, maana hilo ulinifundisha kwa kofi, nikachukua rula ndefu ya mbao. Ncha moja nikaiweka kwenye mfuniko wa mota, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikafumba macho, kama unavyofanya wewe na ule mwiko wako usiopikia ugali.

Walicheka. Baraka, mwenzetu mmoja kwenye kundi, akatoa simu anipige picha. "Oyaa, njooni muone, Minza anaongea na mota!"

"Nyie chekeni," nikamwambia. "Beringi ya nyuma imekufa."

Nikafumbua macho, nikamkuta mhadhiri wetu amesimama mlangoni. Ni mama wa makamo, tunamwita Dokta, na akisahihisha kazi yako inarudi nyekundu tupu. Yeye hakucheka. "Zimeni," akasema. "Fungueni nyuma." Tukafungua. Gololi za beringi zilikuwa zimekwanguka na grisi imegeuka unga mweusi. Koili zote zilikuwa nzima.

Dokta akaniangalia. "Nani kakufundisha hivi?"

Jibu nilikuwa nalo, mama, lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini niliwatazama wenzangu, watoto wa mainjinia na mameneja, nikawaona wakicheka upya nikisema ni mama yangu, anakoboa mpunga, aliishia darasa la saba, anatumia mwiko. Nikasema, "Nilisoma kwenye kitabu, Dokta."

"Kitabu gani?"

"Jina nimelisahau."

"Basi kitafute, ukiweke kwenye marejeo. Mtu akikupa ujuzi, unamtaja."

Marejeo ni orodha inayokaa mwisho wa ripoti, ambamo unawaandika wote waliokupa maarifa uliyotumia. Nikaenda maktaba kutafuta kitabu ambacho sijawahi kukisoma. Siku ya tatu, huwezi kuamini, nikakuta kimoja chenye picha ya mwanaume ameweka bisibisi sikioni, na maneno nusu ukurasa. Ningeandika jina la kitabu kile, ningepata maksi zangu, na hakuna ambaye angejua. Kalamu ilikuwa mkononi.

Hapo nikamkumbuka yule fundi. Nilikuwa darasa la sita. Mashine ilikuwa imegoma katikati ya mavuno, magunia ya watu yamejaa mpaka nje, na Mzee Maganga mwenye mashine akaagiza fundi kutoka mjini. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake la vifaa, akasema ni koili. Wewe ukaweka mwiko, ukamwambia ni beringi. Akakujibu, "Mama, mwiko kasongee ugali." Halafu akafungua, akakuta ni beringi. Mzee Maganga aliporudi, fundi akamwambia, "Mimi niliisikia tu nikajua." Mzee akampa mkono, akasema huyu ndiyo fundi sasa. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale, mwiko mkononi. Njiani nikakuuliza mbona hukusema. Ukaniambia, "Mota imepona, inatosha." Lakini siku ile ulisonga ugali kimya, na wewe huwa unaimba ukisonga, hata tukiwa na msiba unaguna guna wimbo.

Mama, pale maktaba niliona kwamba yule fundi ni mimi. Tena mimi ni mbaya zaidi, maana yeye hukumzaa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nisamehe.

Nilikirudisha kile kitabu, nikaenda ofisini kwa Dokta. Nikamwambia, "Kitabu nilidanganya. Ni mama yangu." Nilitegemea anifukuze. Akavua miwani, akaniambia nikae. "Anasikia nini kingine?" Nikamweleza kwamba fezi moja ikikatika unasema mota inanung'unika, na mkanda ukilegea unasema unapiga makofi. Nikamweleza unavyouma punje moja ya mpunga na kumwambia mtu arudi kuanika, naye akibisha mchele wake unakatika wote. Dokta aliyaandika, mama. Yeye aliyesoma mpaka ng'ambo, alifungua daftari akaandika maneno yako, na akiachwa nyuma alikuwa ananiambia, "Subiri, rudia hapo." Mwisho akacheka kidogo, akasema, "Huyo ningesoma naye darasa moja angenisumbua sana."

Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Nilitoka pale natamani kumsimamisha kila mtu njiani nimwambie mimi ni mtoto wa nani.

Nikaandika ripoti. Kwenye marejeo nikaweka: Mama Minza, Mwamkulu, Mpanda. Dokta akairudisha. Alikuwa amezungushia duara jekundu na kuandika pembeni, "Huyu hana jina lake?" Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Tangu nizaliwe baba anakuita Mama Minza, bibi anakuita Mama Minza, wateja wote hivyo hivyo. Jina lako nimewahi kulijaza kwenye fomu za chuo, lakini fomu ni fomu, unajaza unasahau. Sisi hatukulelewa kumtaja mzazi kwa jina. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikakuomba radhi moyoni, ndiyo nikaliandika.

Siku ya kuwasilisha nilisema yote mbele ya darasa, pamoja na ule uongo wangu. Baraka akauliza, "Mwiko mwiko kabisa, huu wa ugali?" Nikamwambia huo huo. Sasa kanunua wake, anatembea nao kwenye begi. Tumefaulu vizuri.

Nisalimie baba, mwambie ng'ombe hawakimbii, arudi nyumbani apumzike. Msalimie bibi, nimeota nakula michembe yake ya viazi vikavu mara mbili wiki hii. Kulwa na Dotto, wadogo zangu, waambie wasome, na waache kugusa swichi ya mashine. Na Mzee Maganga umpe heshima zangu zote, halafu umwoneshe ukurasa wa mwisho wa ripoti.

Ripoti yenyewe iko humu kwenye bahasha. Hesabu zake ziache. Fungua pale nilipoweka waya wa shaba, utakuta majina matatu. La kwanza na la mwisho ni ya watu walioandika vitabu vinene. La katikati ulisome kwa sauti, mama, mashine ikiwa imezimwa, wote waliopo wasikie: Kabula Masanja, fundi wa mashine, Mwamkulu.

Ni mimi mwanao,
Minza wa Kabula