Vidonge vya Masanja

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nimeacha vidonge vya Masanja kwenye kisosi, kama kila siku: vya njano viwili, vyeupe vitatu. Uji uko kwenye chupa. Mama atampa akiamka, mimi nawahi shule. Mwezi wa sita sasa tangu tulazwe vitanda viwili huko ng'ambo, mdogo wangu akaamka na figo langu. Kovu linaniwasha mvua ikinyesha.
Uso wake unapungua. Ule uvimbe wa dawa ulimtesa, mtaa wetu wote wa Nyasubi ulimtania eti amenona. Leo nimeona mashavu yake ya zamani. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni tena. Nilikwisha sema: dawa zinautuliza mwili wake usipigane na figo, kwa hiyo hata mafua hauwezi kuyapiga. Wasije wengi. Lakini nani huku kwetu atamfukuza mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa? Mama amewakaribisha wote. Nimenuna mpaka jioni. Masanja hakula.

Jumapili, 16 Machi
Hakwenda misa. Viatu havimwingii. Miguu imevimba, ukibonyeza shimo linabaki. Mkojo kidogo, rangi ya chai. Anashika tumbo chini, upande wa kulia. Pale lilipo figo langu. Nimemwuliza kama anakunywa dawa. Ametazama ukuta.
Naogopa.

Jumanne, 18 Machi. Shinyanga, hospitali
Tumekuja na lori. Daktari amesoma barua ya ng'ambo, amepima damu, akaniuliza ameacha dawa lini. Nikasema hajaacha.
Mama akasema, tangu Jumatano ya Majivu.
Hakuona aibu. "Si ulisema ni za kuzuia mwili wake usikukatae? Nimewazaa tumbo moja, mmenyonya titi moja. Masanja atakukataaje wewe?"
Masanja naye alikubaliana naye. Ameniambia kila alipomeza vidonge aliona ananitukana.
Niliwaeleza mara moja tu, nikadhani wameelewa. Mimi, mwalimu. Mtoto wa darasa la pili namrudia mara kumi.

Ijumaa, 21 Machi
Wamemchoma dawa nyingi za mshipa. Figo halikurudi kufanya kazi. Mashine ya kusafisha damu hapa hakuna. Kumrudisha ng'ambo ni mpaka kibali, na kibali kinasubiri barua, na barua iko njiani.
Nina hasira na Mama. Nina hasira na Masanja. Nilimpa kiungo, akanilipa heshima. Heri angenidharau, akapona.
Amelala. Nimemfuta jasho. Hasira imekwisha, nimebaki na kitambaa mkononi.

Jumatatu, 24 Machi
Masanja amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka kutafuta maji ya moto.

Alhamisi, 27 Machi
Tumemzika kijijini. Watu wengi. Wote wamenipa pole ya ndugu. Ya figo hakuna aliyenipa, na sijui kama ningeitaka. Nimelia mbele ya wanafunzi wangu waliokuja mazikoni.

Jumapili, 6 Aprili
Tumerudi Nyasubi, Mama na mimi. Mvua ndogo tangu asubuhi. Kovu linawasha.
Nimetoka chumbani nikakuta kisosi mezani. Vya njano viwili, vyeupe vitatu. Kumbe Mama alivitunza vyote kwenye kibuyu cha mbegu, hakutupa hata kimoja. Alikuwa amekaa kando na kikombe cha uji, ameshamimina.
"Kunywa, ng'wanone, mwanangu. Hilo figo moja ulilobaki nalo, lisije likakukataa na wewe."
Nilitaka kumweleza. Akanisogezea kisosi na kikombe kwa pamoja, akanitazama mdomoni.
Nikasema asante, Mama. Nikavitia vidonge mfukoni, nikanywa uji wote.