Fyuzi Niliyoirudisha

Magesa, rafiki yangu,

Miezi mitano sasa naianza barua hii na kuichana, maana kila nikishika kalamu naandika uongo ule ule niliowaambia watu. Leo nimefunga mlango. Mke wangu anadhani napanga nguo za wateja.

Unakumbuka siku lile sanduku la mbao lilipofika nyumbani kwa Bwana, tukaling'oa misumari pale ukumbini? Memsabu alisema ni mashine ya umeme ya kukaushia nguo, nepi za mtoto hazitanuka tena unyevu wakati wa masika. Mimi nilikuwa dobi wa nyumba ile, na kazi yangu nusu yake ilikuwa kamba na jua. Wewe, uliyeitwa kuifunga, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Saidi, hii ni jiko na feni tu. Waya unachemsha hewa, feni inaisukuma, pipa linageuza nguo. Hamna uchawi hapa."

Ukanifundisha polepole, kama mtu wa kwenu Butiama anavyomfundisha mgeni kukamua ng'ombe: sikiliza kwanza, ndipo ushike. Nguo zisizidi nusu ya pipa. Chujio nilisafishe kila nikitoa nguo, nisingoje vumbi la nyuzi lishikane likawa kama blanketi. Pipa likigonga, gurudumu la chini limelika. Mota ikinguruma na pipa halizunguki, mkanda umekatika. Na mashine ikizunguka bila joto, nisikimbilie kusema waya umekufa. "Toka nje," ulikuwaga unasema, "weka kiganja kwenye mdomo wa bomba linalotoa hewa yake. Isipopumua, itajipika yenyewe." Nikawa natoka nje kila asubuhi kuweka kiganja. Nilikuwa najiona fundi.

Na kila ulipofungua mgongo wa mashine, ulianza kwa kuchomoa fyuzi ukaitia kwenye mfuko wa shati. Hukuridhika na swichi. Ulisema swichi inaweza kuwashwa na mtu yeyote anayepita, ila fyuzi iliyo mfukoni mwako hairudi bila wewe.

Sasa naandika lile.

Wiki ile wadudu wa ziwani walikuja, wale wanaosimama juu ya maji kama moshi, halafu upepo unawaleta mjini. Siku tatu. Tulifunga madirisha, tuliwazoa barazani kwa koleo. Bomba la mashine nililisahau. Wadudu walijaa kwenye wavu wake na vumbi la nyuzi likawagandisha, na mimi nikaendelea kukausha nepi bila kuweka kiganja nje hata mara moja. Siku ya nne mashine ikatoa harufu ya kuungua, joto likaisha. Waya wa joto ulikuwa umekatika. Nikakuita.

Hukunigombeza. Ulitoa wale wadudu kwa mkono, ukaniangalia, ukasema tu, "Ilikuwa inakuomba hewa." Ukachomoa fyuzi. Ukapapasa shati, mfuko umetoboka. Ukanipa mimi. "Shika. Usimpe mtu, hata akija Gavana."

Ukaingia chumba cha kufulia. Mimi nikabaki ukumbini, karibu na sanduku la fyuzi, nakunja mashuka.

Bwana akarudi kula chakula cha mchana. Akafungua friji akakuta imezima, siagi imelainika. Akaja na hasira kuuliza nani ameigusa. Nikamwambia fundi yuko kazini, ametoa fyuzi. Akaitazama mkononi mwangu. "Hii ni ya friji. Mashine ina yake. Irudishe."

Magesa, mimi nilijua. Ulishaniambia siku ya kwanza kwamba nyumba ile ilifungwa nyaya ovyo, friji na mashine vinakula kwenye waya mmoja. Nilijua. Mdomo wangu ulisema, "Lakini Bwana." Akasema tena, "Irudishe." Kutoka pale mpaka ulipokuwa ni hatua kumi. Ningeweza kupaza sauti. Ningeweza kukohoa! Niliona kwamba nikikuita mbele yake nitakuwa nimembishia. Nikairudisha.

Nikasikia bisibisi inaanguka kwenye saruji.

Sitaandika nilivyokukuta. Wewe unajua.

Polisi walikuja kabla ya alasiri. Bwana alisema fundi hakuzima umeme. Inspekta akanigeukia: "Wewe ulikuwepo. Alitoa fyuzi?" Bwana hakuniangalia, alikuwa anafuta miwani yake. Nikasema, "Sikuona."

Maneno yenyewe ni hayo tu. Yakaandikwa, mkono wa serikali ukahitimisha chini yake: umekufa kwa uzembe wako. Tukakupeleka Butiama juu ya lori la pamba. Nilishika jeneza upande wa kichwa. Padri alipomaliza, Nyangeta mkeo alinishika mikono miwili mbele ya watu wote akanishukuru kwamba sikukuacha peke yako. Nikaitikia, "Ndiyo, shemeji." Fikiria. Nikaitikia.

Ningeweza kuishi na hilo, watu wanaishi na makubwa zaidi. Lakini hapa mjini mafundi wamekufanya msemo. Mtu akishika waya bila kuangalia, wenzake wanamwambia, "Usifanye kimagesa." Nimelisikia dukani, nimelisikia nje ya msikiti. Wewe! Wewe uliyekuwa unapuliza hata soketi kabla ya kuifungua. Siku niliposikia hilo kwa mtu ambaye hata hakuwahi kukuona, nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Mwezi uliopita nikaacha kazi kwa Bwana, nikapanda lori, nikashuka njiani na kutembea hadi kwenu. Nilimkuta Nyangeta anaanua ulezi, mvua ilikuwa inanyemelea. Nikamsaidia kukusanya, kisha nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Hakulia. Aliuliza jambo moja: "Kwa nini hakuitia mfukoni?" Nikamwambia mfuko ulikuwa umetoboka. Ndipo akaketi juu ya gunia. "Alinipa lile shati nilishone," akasema. "Nikamwambia kesho."

Nilitaka kumwambia kosa si lake. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikatunyeshea, ulezi ukiwa ndani na sisi nje.

Aliponisindikiza hakunishika mkono. Alisema, "Mimi sikuamini hata siku moja kwamba alisahau. Kwa hiyo hujaniletea kitu. Kawaambie walioandika."

Nilikwenda Bomani, Magesa. Mara tatu. Inspekta amehamishwa. Bwana na memsabu wamepanda meli kwenda kwao likizo na hakuna ajuaye kama watarudi. Karani alinisikiliza safari ya kwanza, safari ya pili akaniuliza kama natafuta kufungwa, safari ya tatu akaniambia faili imefungwa na haifunguliwi kwa maneno ya dobi. Nilimwomba aandike japo mstari mmoja. Akaanza kuchonga penseli yake.

Nikaenda kwa mafundi, pale wanapokaaga nje ya duka la vipuri. Nikasema mbele yao wote: mimi ndiye niliyerudisha. Mmoja akasema nimepewa kitu na ndugu zako ili nikusafishe. Mwingine, yule mwembamba uliyemfundisha kuunga nyaya, alinitemea mate miguuni. Huyo peke yake ndiye aliyeniamini.

Sasa nafulia nyumbani, kwa pasi ya mkaa. Mashine bado iko kule kwa Bwana. Nasikia fundi mpya ameunganisha waya kukiruka kile kidude kinachoizima joto likizidi, ili isisumbue. Nimepeleka habari kwa mlinzi awaambie watakaohamia wasiiwashe. Sijui kama atasema. Sijui kama kuna mtu anasemaga kitu katika dunia hii kwa wakati wake.

Sikuombi msamaha. Ukinisamehe nitapumzika, na sina haki ya kupumzika wakati jina lako linatukanwa sokoni. Karatasi ya Bomani imenishinda, na huenda nitakufa ikisema vile vile. Lala, ndugu yangu, kwenye udongo wenu. Ahadi yangu ni moja, na ni ndogo mbele ya nilichokufanyia: kila nitakapolisikia neno lile, dukani, njiani, hata harusini, nitasimama niseme kwamba Magesa alitoa fyuzi, na mkono ulioirudisha ni huu. Jana nimelisema kwa muuza sabuni. Alinitazama mkono, akanipa sabuni yangu bila kuigusa ngozi yangu.

Mimi,
Saidi, dobi