Video ya Babu Lamazani Iliyokataa Kucheza

Jumapili. Mvua imenyesha Old Kampala tangu adhuhuri.

Leo tulimsomea Babu hitima, mwaka umetimia tangu atutoke. Nilitengeneza slaidi za picha zake, na katikati nikaweka video pekee tuliyo nayo yenye sauti yake. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Bibi. Juzijuzi aliniambia kwamba sura ya mumewe anaiona kila siku, ila sauti imeanza kumpotea. Hakulia. Nililia mimi.

Nyumbani ilicheza bila shida. Kwenye kompyuta ya ukumbini ukatokea mraba mweusi.

Nikabonyeza tena. Nikachomoa flashi, nikairudisha. Nikalaumu nyaya, nikalaumu spika, kimoyomoyo nikamlaumu hata mlinzi wa ukumbi aliyekuja kuniinamia begani: "Mbona yako inakataa? Ya watu wa jana ilicheza muzuri." Wajomba wakaanza kukohoa. Bibi alikuwa mstari wa mbele, ametega sikio.

Ndipo nikafungua flashi yenyewe. Nikiri kosa langu: video sikuipachika ndani ya slaidi. Ni nzito, basi niliiacha pembeni kwenye folda ileile, slaidi ziitafute kwa jina. Na jina nililoipa ni lile tunalolitamka sote nyumbani, Babu Lamazani. Kwenye flashi iliandikwa Babu Ramadhani.

Dada yangu Hadija ni mwalimu wa madrasa. Asubuhi ndiye aliyeninakilia folda kwenye flashi.

"Nilisahihisha tu," akaninong'oneza. "Wewe unaandika kama watu wa soko la Owino."

Ningemmeza mzimamzima, lakini watu walikuwa wanangoja. Nikafuta jina la heshima aliloliandika Hadija, nikarudisha letu.

Babu akasema.

Subhanallah. Nimeisikia sauti ile mara ngapi kwenye simu! Lakini pale ilijaa ukumbi mzima. Babu amekaa mkekani kwake Kasubi, anamenya karanga na kuilaumu mvua. Kisha anageuza shingo: "Mama Yusufu! Chai iko wapi?"

"Inakuja," Bibi akajibu, akashika kiti ainuke.

Hakuna aliyecheka. Hadija alimkalisha taratibu, machozi yakimtiririka, na hasira zangu zote zikaniishia hapohapo.

Kompyuta haimjui Babu, inajua jina tu, na ilipopewa lile la nyumbani ikamleta akiwa na karanga zake mkononi.

Tangu leo nitapachika kila video ndani, hata kama flashi itajaa. Hilo ni rahisi. Linalonisumbua ni jingine. Bibi ameomba nimwekee video kwenye simu yake, nami nimemwekea. Sasa yuko chumbani, Babu anaulizia chai, naye anamjibu, tena na tena. Je, nimempa faraja au nimemfungulia msiba upya?

Sijui. Namsikia anacheka.