Klachi ya Mzee Nthiga

Kwa dada yangu Igoki,

Nakusalimu wewe na wote mnaoota moto jiko moja. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukichuma majani chai mpaka saa nne unalazimika kukaa kwenye kikapu upumzike. Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Wanja wangu bado anakataa kulala bila soksi? Mama yake ndiye aliyemzoesha hivyo, kwa sababu ya baridi ya kule Kibugu. Alikuwa anazipasha kwanza kando ya jiko, halafu anamvika moja moja akimwimbia. Kama bado anazitaka, usimkatalie.

Mimi huku jangwani mwili hauna shida. Midomo imepasuka kwa upepo na mchanga unaingia hata kwenye chai, lakini nakula na ninalala.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu mpishi wetu, mtu wa Machakos, anarudi nyumbani, na ameahidi kuifikisha barua hii Embu mjini. Kwa simu nimeshindwa kusema. Kila nikipiga, Wanja anakuja kuegemea bega lako, nami naanza kuzungumza habari za shule.

Basi nianze na lile mnalolingoja. Sitafika kabla ya mvua kubwa. Najua tulipatana kwamba nikija ndipo tutalijengea kaburi la mama Wanja, Kendi wangu, saruji na kusimamisha msalaba. Najua pia mama mkwe amesema udongo umeshuka upande wa kichwani na hawezi kuona mvua nyingine ikiunyeshea. Ana haki. Lakini nitakuwa huku mpaka joto la mwaka huu lote lipite, na ninataka wewe ujue sababu, hata kama wengine hutawaambia.

Huwa mnaniuliza kazi yangu ni ya namna gani, nami najibu tu kwamba ni udereva. Kampuni hii inatengeneza gari la kupita mahali pasipo na barabara, litakalouzwa miaka ijayo. Linachajiwa kwa waya kama simu, na betri ikiisha kuna injini ya petroli ya kulisaidia. Wakubwa walikuwa hawajaamua watumie injini ipi. Kwa hiyo wameunda magari ya aina mbili, kwa nje ni kama mapacha, na sisi madereva tunayatesa mchangani na kwenye mawe mpaka kitu kivunjike.

La kwanza lina injini ndogo ya silinda tatu. Injini hiyo haigusi magurudumu hata kidogo. Inatengeneza umeme tu, kama jenereta ya harusini, na umeme ndio unaosukuma gari. Mwanzoni ilinichanganya sana. Sisi watu wa milimani tumezoea kusikiliza injini ndipo tujue gari linaumia wapi. Hili linaweza kuwa limesimama tuli na injini inapiga makelele, kisha linapanda kilima na injini imenyamaza. Mwenzangu Mutwiri, ambaye ni wa Maua, alicheka siku ya kwanza akasema, "Hii ni sisi kabisa, Munyi. Makelele yako jangwani, kazi inaonekana Kenya." Kosa lake ni kwamba ukipanda vilima vya mchanga mfululizo, betri inaisha upesi kuliko injini inavyoweza kuijaza, na gari linabaki kutambaa kama kobe.

La pili lina injini kubwa ya silinda nne yenye turbo. Hiyo imeunganishwa na gia, kwa hiyo betri ikiisha, injini yenyewe inasukuma magurudumu kupitia klachi. Huikanyagi hiyo klachi kwa mguu kama ya zamani, inajishika na kujiachia yenyewe. Vilima vinavyoishinda ndogo, kubwa inavipanda kama haijui kuna kilima. Wote tuliipenda.

Tuliipenda kwa sababu nyingine pia. Msimamizi alitusomea kandarasi kwa sauti. Injini kubwa ikipita, kambi inafungwa, kila mtu arudishiwe paspoti na apewe tiketi. Isipopita, tunabaki na ile ndogo msimu wote wa joto, kwa sababu wanataka kuona kama rejeta inayoipoza itavumilia. Paspoti zetu ziko kwenye kabati la chuma ofisini. Kila asubuhi nikienda kuchukua funguo za gari ninaliona hilo kabati. Huku hakuna ukuta, dada, wala lango. Ukitoka nje ya kambi, popote unapogeuza uso ni mchanga ule ule, na mtu hawezi hata kujua akimbilie upande gani.

Basi lilibaki jaribio moja tu la injini kubwa, na likaangukia zamu yangu. Wanapakia mzigo, wanamaliza betri makusudi, halafu unapanda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, kutoka kwenye mto mkavu uliojaa mawe. Mutwiri alikuwa kiti cha pembeni. Nilifanya kama tulivyofundishwa. Nikisimama mteremkoni nilishika breki, sikulizuia gari kwa kukanyaga mafuta, jambo linalounguza klachi. Nilianza tena taratibu. Tulipofika karibu na juu, gari likatetemeka, likapoteza nguvu, na harufu ikaingia.

Igoki, ilikuwa harufu ya klachi inayoungua. Unaijua ile ya kwato za mbuzi za supu zikibabuliwa? Ni hiyo. Nilifungua mlango nikaketi chini kwenye mawe. Mutwiri alidhani joto limenishika, akanimwagia maji kichwani.

Sijawahi kukusimulia yaliyotokea ndani ya pikapu ya Mzee Nthiga, kwa sababu siku ile wewe ulibaki nyumbani na Wanja. Uchungu ulipomshika Kendi kabla ya wakati wake, niliwapigia wenye magari wote ninaowajua. Walisema tope ni jingi, wangoje mvua ikatike. Mzee Nthiga peke yake ndiye aliyekuja, amevaa koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Mimi nilikaa nyuma chini ya turubali, kichwa cha Kendi kikiwa mapajani mwangu. Tulishuka mpaka mtoni vizuri. Tukaanza kupanda ng'ambo, na katikati ya mlima harufu hiyo ikaingia chini ya turubali. Kendi aliisikia, akaniuliza, "Ni nani anapika?" Nikamwambia ni watu wa hapo karibu. Kisha pikapu ikasimama na haikuenda tena. Tulimbeba kwa turubali mpaka barabara ya lami, Mzee Nthiga ameshika upande wa miguu. Tulichelewa kwa wote wawili, yeye na mtoto; yaliyofuata hospitalini unayajua.

Unakumbuka mzee alivyosimama siku ya mazishi. Hakuna aliyemwita. Alivua kofia akasema mbele ya watu wote, "Mimi ndiye nilikosea. Niliweka mguu kwa klachi, nikaiunguza." Na hakuna mtu aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na sikumjibu, kwa sababu niliamini hivyo hivyo. Baadaye ukaniambia ameuza pikapu, na kwamba akikuona njiani anavuka upande wa pili.

Basi siku hiyo ya jaribio nilikaa hapo kwenye mawe mpaka gari la kutuvuta likafika. Jioni Mutwiri alinijia. Tayari kila mtu alikuwa amejua.

"Sikiza, Muembu," akaniambia. "Kesho Madam atakuuliza. Kompyuta imemwonyesha klachi ilishika moto, lakini haijui kwa nini. Wewe sema ulizuia gari na mafuta. Basi. Itakuwa ni kosa la dereva, injini imepita, na sisi tumeenda."

"Lakini sikuzuia na mafuta. Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo, ndiyo. Na sijakwambia useme nilikosea mimi! Maneno mawili tu, 'Nilikosea, Madam.' Hata mtoto wa nasari anajua kusema hivyo. Nani ataumia?"

Alikuwa ameshawaambia watu wa kwao kwamba anakuja, na mama yake amekwisha chagua mbuzi. Nilimwambia nitajaribu, na kweli nilikusudia kujaribu. Niliyarudia maneno yale nikiwa nanawa uso. Nikaona msalaba umesimama na Wanja amenishika mkono.

Madam ni mhandisi wetu, mwanamke mpole, asiyeinua sauti. Alinipa kiti. Akaniambia, "Munyi, ninataka kuelewa tu. Ulilizuia gari kwa mafuta, au ulifanya kama tulivyokufundisha?"

Nilifungua mdomo niseme nilikosea, na nikamwona Mzee Nthiga ameshika kofia yake. Yeye aliyasema maneno hayo hayo, na sisi tukayapokea, tukaenda nayo nyumbani. Nikamwambia Madam, "Nilifanya kama mlivyonifundisha. Imeungua yenyewe." Aliniuliza mengine mengi, mawe yalikuwaje, nilisimama mara nyingi au chache. Alipomaliza alifunga kompyuta akasema, "Basi mwendo wa polepole na mzigo vimeizidi. Hata kwa dereva mwingine ingeungua vilevile." Alisema hivyo akiwaza habari za injini tu. Hakujua amenijibu jambo nililotembea nalo tangu Kibugu.

Walichagua ndogo. Haina klachi ya kuungua, na wanasema ule ukobe wake watautibu kwa kuiwasha mapema kabla betri haijashuka sana. Labda ni kweli. Sisi ndio tutakaojua, maana tutakuwa juu yake joto lote. Kabati limebaki limefungwa. Mutwiri aliniambia neno moja tu tukitoka mkutanoni, "Umetufungia," na tangu hapo tunakaa gari moja kutwa nzima, injini ikipiga kelele na sisi tumenyamaza. Simlaumu. Nikimwona anavyoitazama simu yake, ninatamani mara nyingine ningesema lile neno. Nakuambia hivyo wewe ili usifikiri nimekuwa mtu hodari. Kuna asubuhi ninashika funguo na miguu inakataa kutoka nje.

Sasa ninakuomba haya. Jengeeni kaburi kabla ya mvua, msiningoje. Mwambie Wanja kwamba baba bado hajaruhusiwa, wala usimtajie mwezi, kwa sababu atauhesabu.

Halafu uende kwa Mzee Nthiga. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu. Akianza kuvuka barabara, mwite. Mwambie Munyi amepanda mlima kama ule, kwa gari jipya kabisa, mguu ukiwa mahali pake, na klachi ikaungua. Mwambie haukuwa mguu wake, ulikuwa mlima na tope na uzito wetu sote nyuma. Atakataa, namjua. Mwambie tena. Siku ya saruji mpe nafasi yangu pale karibu na msalaba, asimame hapo mpaka maombi yaishe. Mtu akiuliza kwa nini, jibu ni kwamba wengine tuliwaita wakasema wanangoja mvua ikatike, na yeye alikuja.

Mfikishie salamu mama mkwe pale sokoni Gakoromone anapouza ndizi, na umsomee sehemu hii ya mwisho kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. Msalimie kaka yetu Ireri, mwalimu wa Karurumo, umwambie kokoto zisipungue. Wasalimie kina mama wa jumuiya walioimba na Kendi. Wanja mshikie miguu kidogo kabla hajalala.

Tukiongea kwa simu usinieleze mengi mtoto akiwa hapo. Nitakuuliza habari za mvua, nawe uniambie tu kama mzee alikuja.

Ni mimi mdogo wako,
Munyi