Zamu ya Kagiri kwenye Ukurasa Wetu

Mpendwa Shangazi, naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunikemea, kwa sababu jambo lenyewe ni la kompyuta lakini kinachoumia ni moyo.

Mimi ni msichana wa Sarang'ombe, kazi yangu ni kupiga taipu kwenye ofisi ndogo karibu na Soko la Toi, barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi, na tangu mwaka wa tisini na nane niko kwenye kikundi cha watu watano tunaojitolea kutunza ukurasa wa intaneti wa programu fulani ya kuandikia barua kwa kompyuta, programu ambayo haiuzwi, imetengenezwa na watu wa nchi nyingi wanaomwachia yeyote aifungue aone ilivyoundwa na airekebishe akiweza, na sisi ndio tunaoandika maelezo yake kwa Kiswahili. Ukurasa wetu, Shangazi, tuliuandika kwa kufuata kanuni za intaneti zilizokubaliwa dunia nzima, ili ufunguke kwa kompyuta yoyote hata ile kuukuu, na kila tulipobadilisha kitu tuliupitisha kwa mtambo wa kukagua mpaka useme hakuna kosa.

Shida ni kwamba kikundi tulikiunda jinsi tunavyojua kuunda chama cha kuchangiana pesa, yaani kwa mzunguko, kila mtu anashika ukurasa miezi miwili, na kwa kuwa kwenye chama huwezi kumwambia mwenzako zamu yake anunue kabati au godoro, tukakubaliana hakuna kuingilia zamu ya mwingine, na zamu ya Mei na Juni ikamwangukia Kagiri, ambaye ni mchumba wangu, wa Kawangware, babake ana ploti ya vyumba vya kupangisha huko, na chumba tunachokutania pamoja na laini ya simu ni vya kwao. Alipoushika tu ukurasa akageuza maandishi yote kuwa picha, herufi za dhahabu zenye kivuli, na neno karibu linawaka na kuzima kama taa ya baa, na mtambo wa kukagua ulipokataa akasema huo ni wa wazungu wasiojua kupendeza. Aliniita nione, akasimama nyuma ya kiti changu akasema, "Ona sasa. Ile ya kwenu ilikuwa inakaa kama tangazo la chifu. Hii inakaa aje?" Nikaangalia uso wake ulivyofurahi, nikamwambia iko poa sana, na tangu hapo ameniuliza tena na tena, na kila mara nasifu kuliko jana.

Basi juzi akanipigia simu kazini Wambua, msomaji wetu mmoja ambaye ni opereta wa simu katika ofisi fulani mjini, haoni, lakini kompyuta ya kwao ina kifaa kinachosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini, kinatamka Kiswahili kama mzungu aliyeshuka ndege jana ila yeye anakielewa, na kwa ukurasa wetu amekuwa akijifunza ile programu, maana ofisi inaleta mtambo wa simu unaojiendesha wenyewe na wamemwambia mwisho wa Juni watampima kuandika barua, akishindwa aende nyumbani. Akaniuliza, "Annet, kwani mlihama? Naingia kwenu nasikia imeji, imeji, imeji, halafu kimya." Nikajua ni zile picha za Kagiri, kifaa chake hakiwezi kuzisoma, lakini nikamwambia ni laini za simu zina shida.

Nina neno la siri, naweza kurudisha ukurasa wa zamani kimyakimya niseme ni hitilafu ya kompyuta ya huko ng'ambo inakohifadhiwa, lakini nitakuwa nimevunja sheria ya zamu, ama ningoje Julai zamu yangu ifike, lakini Wambua atakuwa ameshapimwa, na kumwambia Kagiri ukweli naogopa kwa sababu akikosolewa hununa wiki nzima haongei na mtu, na Agosti tumepanga anipeleke rasmi kwa mamake. Nampenda, Shangazi. Nifanye nini?

Annet, Sarang'ombe

SHANGAZI ANAJIBU:

Annet, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa tulia nikukemee.

Mimi hiyo intaneti sijawahi kuigusa, na makala haya nayapiga kwa taipureta inayoruka herufi. Lakini sihitaji kompyuta kumwelewa mwanamke anayesifu asichokipenda. Barua zake napokea kila wiki, ila wengine husifu chapati.

Pole kwa hofu yako. Ukimpenda mtu unataka afurahi, na ni vigumu kumwambia kazi yake ina kasoro bila yeye kusikia kwamba ndiye mwenye kasoro. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni jinsi mtu anayekaribia kupoteza kazi anavyodanganywa ili kijana wa Kawangware asinune. Kununa hakuui. Mume wangu ni bingwa wa kununa, na njaa ikimshika huongea.

Usirudishe chochote kimyakimya. Kagiri atagundua, na atakachokumbuka ni kwamba ulipita nyuma yake huku ukimchekea mbele. Wala usingoje Julai. Mpigie Wambua umwambie laini za simu ni nzima.

Hiyo sheria yenu ya zamu nayo mmeiweka pasipo pake. Kwenye chama mwenzako akinunua kabati baya, analitazama yeye mwenyewe nyumbani kwake. Ukurasa ni wa wanaousoma. Kaeni wote watano mkubaliane kwamba zamu zibaki, lakini kitu kisichopita kwa mtambo wenu wa kukagua kisiwekwe, hata kiwe kimeandikwa na nani.

Na huyo kijana nisimwonee. Amekuuliza tena na tena inakaa aje. Mtu aliyeridhika na kazi yake haulizi hivyo, Annet. Ana shaka, na kwa watu wote alikuchagua wewe umwambie kweli, nawe ukampa sifa. Mwambie hivi: inapendeza kwa macho, lakini kuna mtu hana macho na anaihitaji kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha mpeleke mjini kwa Wambua, akae asikie mwenyewe ile imeji, imeji. Usimsaidie kuelewa. Akiguswa, rudisheni maandishi pamoja, na kama kuna njia picha zake zibaki bila kumziba Wambua masikio, mtaitafuta nyinyi wenye ujuzi. Asipoguswa, utakuwa umemjua kabla ya Agosti, na chumba chenye simu mtapata kingine.

Jambo la mwisho. Majina yenu nimeyabadilisha, kama ninavyofanya kwa kila barua. Lakini niambie, katika Nairobi hii ni wachumba wangapi wanaoteswa na herufi za dhahabu na opereta asiyeona? Uliogopa kumwambia mtu mmoja ukaiambia nchi nzima, na gazeti hili linauzwa Kawangware tangu alfajiri. Liweke chini, vaa viatu, uende ukamwambie kwa mdomo wako kabla hajalifungua.