Siki Jikoni, Klorini Bafuni

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule amekuja kibandani kwangu, eti saa yake imesimama. Saa nzima kabisa! Nimeifungua, nimeipuliza, nimeifunga. Sisi mafundi saa tunawajua: mtu mwenye neno gumu haji mikono mitupu, lazima ashike kitu. Neno lenyewe: Ijumaa ya wiki ijayo mke wangu aende akafundishe kipindi kimoja, yeye Mkuu akae darasani aangalie. Akiweza, kemia yake inamsubiri. Asipoweza, kuna mwalimu mpya yuko tayari kuanza.

Nimemjibu: mama, anaweza. Nimelisema haraka mno. Hata yeye ameona.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Mwalimu. (Ndivyo ninavyomwita mke wangu, mwaka wa kumi na tisa huu.) Tangu kiharusi cha Oktoba amebakiwa na neno moja tu: bado. Umekula? Bado. Umelala vizuri? Bado. Unanipenda? Bado. Hilo la mwisho niliuliza kwa utani, nikajuta siku nzima. Mengine yote anagonga meza. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Leo amegonga mara moja. Kikombe kimeruka.

Jumatano, 5 Machi

Tumeanza mazoezi, asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Meza ileile ya jikoni. Shule yao haijawahi kuwa na maabara ya maana, kwa hiyo yeye kila kitu hukifundisha kwa vitu vya nyumbani, na kila kipindi alikijaribu kwangu kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali ya kijinga, ili akikutana na wajinga wenyewe awe amejiandaa. Akanipa jina: Benchi la Nyuma. Miaka kumi na tisa sijapanda darasa.

Mimenyuko ya kemia ni minne, na majina kayatunga yeye mwenyewe. Kuungana: waya wa kusugulia sufuria, ukiloweshwa siki na kuachwa, hewa inaungana na chuma, kutu. Kuvunjika: dawa ya vidonda ya famasi, tia hamira, povu linapanda mpaka mezani. Kunyang'anyana: vipande vya shaba vilivyochakaa ndani ya siki na chumvi, kisha msumari — kesho yake msumari umevaa rangi ya shaba kama ya kwake. Kuwaka: mshumaa, na glasi ya kuufunika.

Kuungana, kuvunjika, kunyang'anyana, kuwaka. Zamani nilimwambia hiyo si kemia, ni ukoo wenu. Alinirushia kitambaa cha vyombo.

Leo ametumia mkono wa kushoto, wa kulia umelala pajani. Mimi nasema, yeye anafanya, nikikosea anagonga mara mbili. Nimekosea mara kumi na moja. Nne kati ya hizo kwa makusudi, anifokee kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake Mwalimu. Amesimama mlangoni na mkoba begani, hataki hata kukaa.

"Shemeji, unamtafutia aibu dada yangu."

Nikamwambia anajiandaa vizuri tu.

"Anajiandaa au unajiandaa wewe? Mwache apumzike. Nimchukue akae kwangu, kuna kibaraza, kuna watoto."

Mwalimu alikuwa pale pale, anamsikiliza. Akagonga mara mbili. Shemeji akasema dada, sikugombi wewe, namgomba huyu. Akagonga tena, mara mbili, polepole. Shemeji akalia, na mkoba bado begani.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike tu. Hakuna mwingine nitakayemwambia.

Kufunga kipindi ana kitu chake kitamu: maji yaliyotiwa wino wa bluu, matone ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, na wino unapotea mbele ya macho yao. Wanafunzi hupiga kelele. Lakini klorini na siki kwake havijawahi kulala chumba kimoja. Siki jikoni, klorini bafuni, hata vikiwa vimefungwa. Mwaka wetu wa kwanza mimi nilisugua sinki kwa vyote viwili, nionekane mume wa maana. Hewa ikageuka pilipili. Alinikokota nje kwa kola, akinitukana huku analia. Ndiyo somo langu la kwanza la kemia. Kila mwaka darasa jipya lilihadithiwa, na mimi nilikuwa mjinga wa hadithi.

Leo amefungua chupa ya klorini, akaipitisha juu ya glasi ya wino, na akamimina kwenye glasi ya siki.

Kidogo tu. Nimemshika mkono. Harufu imeshafika, kifua kimebana, nimemkokota mpaka uani. Safari hii kola ilikuwa yake.

Tumesimama uani tunakohoa kama mapacha. Nikamwambia glasi nilizipanga vibaya mimi. Uongo mtupu. Amenitazama usoni.

"Bado," akasema.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna mazoezi. Nimemwambia nina saa ya mteja. Sina.

Jumanne, 11 Machi

Nimeificha klorini kabatini, nyuma ya suti yangu ya harusi ambayo hainifungi tena. Kipindi kitaishia kwenye mshumaa. Mbele ya Mkuu hakuna atakayejua kuna kilichopungua.

Lakini najua mimi! Wapo wasichana thelathini na nane mle ndani. Leo siki, kesho je, na mimi siko? Saa ikichelewa dakika moja kwa siku naweza kumwambia mteja, bado ni saa nzuri, ivae tu. Hii nimwambie nani?

Mazoezi ya leo: hajakosea hata mara moja. Povu, kutu, msumari, mshumaa. Ule mkono wa kushoto umejaa akili. Nimetoka uani nikajikaza kisabuni, nikarudi na uso uliokaushwa. Ameonyesha kidole bafuni, mara mbili, tatu. Nikamwambia klorini imekwisha, nitanunua.

Akagonga mara mbili. Hapana nini? Hakuonyesha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika mpaka mlango wa ofisi ya Mkuu. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akaniuliza, fundi, umeleta saa gani? Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia darasani, daftari juu ya goti. Mkuu anadhani naandika maelekezo ya mke wangu. Yeye amekaa dirishani na faili. Mimi nimepewa benchi la nyuma. Mwalimu ameona nilipokaa, na midomo yake ikacheza upande mmoja, ule unaocheza.

Kuungana — vizuri. Msichana wa mbele anasoma kwa sauti maandishi niliyoyaandika ubaoni, Mwalimu anagonga. Kuvunjika — povu limemwagika hadi sakafuni, wamepiga makofi. Msumari umezungushwa mkono kwa mkono. Mshumaa umezimika ndani ya glasi na mmoja akanong'ona, "Umekosa pumzi, maskini." Mkuu ameandika kitu. Ametabasamu. Mungu wangu, imekwisha.

Haijaisha. Mwalimu amevuta mkoba wake mwenyewe kutoka chini ya meza. Ametoa chupa ya klorini. Alijua ilipo! Glasi ya wino iko kushoto. Glasi ya siki iko kulia. Nimeinuka nusu.

Ameishika. Anaitazama glasi moja, anaitazama ya pili. Wasichana wanangoja wino upotee, dada zao waliwahadithia. Anazitazama tena.

Hajafungua kifuniko. Anakuja huku. Anapita katikati ya madawati, mguu wa kulia unaburuza, wasichana wanasogeza mifuko yao kumpisha. Ameiweka chupa mapajani mwangu, juu ya daftari hili — nimelazimika kuivuta pembeni niandike. Amegonga benchi langu mara mbili.

Analia. Nilidhani kosa la Jumamosi nimemficha; kumbe alijua.

Mkuu amefunga kalamu yake. "Baba," ananiita, sauti ndogo, "kuna jambo mimi sijaambiwa?"

Vichwa thelathini na nane vimegeuka nyuma. Mwalimu harudi mbele. Amesimama hapa, mkono wake juu ya bega langu, anangoja nijibu, na jibu la swali hili nimeligonga benchini: mara moja.